UZI: Praima ya raifo haichaguliwi kwa kuangalia kilichobaki kwenye rafu

#1 MnyaluWaBaridi

Wakuu, habari za wikiendi. Uzi huu ni wa wale tunaojaza risasi zetu wenyewe, hasa tulioko huku Marekani ambako jambo hili ni halali na vifaa vyake vinauzwa duka moja na chambo za samaki. Kama hujawahi kurilodi, karibu usome, ila usianzie kwangu. Anzia kwenye kitabu cha vipimo vya baruti. Na praima ni kile kikombe kidogo cha chuma chenye dawa, kwenye kitako cha ganda la risasi: pini ikikipiga, kinawaka na kuwasha baruti.

Nianze na aibu yangu. Novemba iliyopita, siku ya pili ya msimu wa kulungu hapa Minnesota, niko juu ya mti tangu saa kumi na moja alfajiri, miguu siisikii tena. Saa mbili kasoro akatoka dume, hatua 80 hivi, akasimama ubavu. Nikashusha pumzi, nikafyatua.

Tik.

Basi. Nikabaki nimeelekeza mtutu palepale nikihesabu mpaka 30, maana risasi iliyogoma huenda imechelewa tu, na ukifungua bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) kwa pupa inakulipukia usoni. Yule dume akageuza sikio moja, kisha la pili, akatazama juu kama abiria aliyesikia jina lake likitajwa nyuma ya daladala. Akaondoka mdogo mdogo. Hata heshima ya kukimbia hakunipa.

Wiki nzima nililaumu praima. Niliinunua wakati ule wa uhaba, mwaka 2021, chapa ambayo sikuwahi kuitumia kabla. Siitaji, kwa sababu kosa halikuwa lao. Nilipozichukua zile risasi nilizobakiza nikapitisha ukucha juu ya kitako, tano kati ya ishirini ukucha uligota. Praima imechomoza. Si kwa kuiona, kwa kuigusa tu. Nilikumbuka hata usiku niliozijaza: zilikuwa zinakaza kuingia kuliko nilivyozoea, vishimo vya kukalia praima sikuvisafisha, nikahisi ugumu nikadhani ndiyo mwisho wa safari. Kumbe bado. Pini ilipopiga, nguvu yake yote ikaishia kuisukuma praima ikae chini, haikubaki ya kuiwasha. Ile risasi iliyogoma niliipeleka uwanja wa shabaha, nikaipiga mara ya pili. Ikalia vizuri kabisa.

Sasa, kuchagua. Mimi naenda kwa mpangilio huu.

Kwanza saizi. Raifo zina praima mbili, kubwa ya inchi 0.210 na ndogo ya inchi 0.175. Risasi za .308, .30-06, .270 na .300 Win Mag zinakula kubwa. .223 inakula ndogo. Mtego uko hapa: praima kubwa ya bastola ina upana uleule wa 0.210, inaingia bila ubishi, lakini ni fupi na kikombe chake ni chembamba. Ndani ya ganda la raifo inazama kupita kiasi, na presha ya raifo si ya kikombe kile. Ndogo za bastola na za raifo ndizo mbaya zaidi, maana kwa macho hazitofautiki kabisa. Ndiyo sababu mezani pangu hapakai pakiti mbili zilizofunguliwa kwa wakati mmoja.

Pili baruti. Baruti ya vijiti haina makuu, praima ya kawaida inaiwasha. Baruti ya punje za mviringo imepakwa dawa ya kuchelewesha moto kwa nje, kwa hiyo ni nzito kuwaka, na hapo kitabu mara nyingi kitakwambia uweke magnamu, yaani praima yenye moto mkubwa zaidi. Kikisema hivyo, weka. Kisiposema, usijiongeze.

Tatu bunduki yenyewe. Bolti ya mkono inasamehe. Inayojipakia yenyewe, kama AR, haisamehi, naomba wenye AR waseme.

Chapa inakuja mwisho. CCI 200, Federal 210, Winchester WLR, Remington 9½, zote ni praima kubwa za kawaida na zote ni nzuri. Lakini si kitu kimoja. Ukiwa umepanda kipimo chako cha baruti mpaka karibu na kilele ukitumia moja, kisha dukani ukakuta nyingine, unashuka mpaka kipimo cha kuanzia na kupanda upya. Najua inauma. Mimi .308 yangu nilipobadili praima tu, baruti ileile, kichwa kilekile, mwendo ulipanda kwa futi 30 hivi kwa sekunde. Ningekuwa kileleni ningeshangaa vibaya.

Vipimo vya baruti siandiki hapa, msiniombe. Kila mtu na kitabu chake.

#2 KipangaWaHouston

Umenena bosi. Niongezee upande wa AR.

Pini ya AR haina springi ya kuirudisha nyuma. Inaelea. Bolti ikijifunga kwa kasi, pini inateleza mbele na kuigusa praima kidogo kabla hujashika kifyatulio. Mwenye shaka aende uwanjani, mtutu kuelekea shabaha, apakie risasi moja kutoka magazini, kisha aitoe bila kufyatua. Atazame praima kwenye mwanga: kuna kidoti katikati, kama alama ya sindano ya chanjo. Hicho ni kawaida. Sasa weka pale praima laini, au iliyochomoza kama zile za ndugu yetu wa juu ya mti, hicho kidoti kinaweza kutosha kuilipua bunduki ikiwa bado inajipakia. Raifo ya M1 Garand nayo ina tabia hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo mimi .223 naweka CCI 41. Hiyo imetengenezwa kwa bunduki za aina ya jeshi, haishtuki upesi. Kwa 7.62 ndugu yake ni CCI 34. Wengine wanatumia CCI 450 ambayo kikombe chake ni kinene, wanalala usingizi. Remington wana 6½ na 7½, zote ndogo za raifo, lakini 6½ si ya .223, kikombe chake hakijajengwa kwa presha ile. Nimeona mtu ameitoboa, gesi imemla uso wa bolti kama mchwa.

#3 mtoto_wa_kinondoni

Hahaha mimi nimefungua uzi nikaona watu wanasema fataki fataki huko kwenye uzi mwingine, nikajua ni wale mafataki wa mabinti wa shule. Kumbe ni hii ya kwenye risasi. Ndiyo praima hiyohiyo?

#4 MnyaluWaBaridi

@mtoto_wa_kinondoni ndiyo hiyohiyo mkuu. Fataki ndilo jina la wazee wetu, la kile kikofia cha kwenye gobore. Sisi wa huku tumezoea kusema praima kwa kuwa kwenye pakiti imeandikwa hivyo.

#5 Babu_Ndaki

Vijana, nimepita.

Marehemu baba yangu alikuwa na gobore lenye leseni, kazi yake kufukuza nguruwe na ngedere shambani. Fataki alizifunga kwenye kitambaa cha nailoni, kisha kwenye kikopo cha mafuta ya nywele, kisha juu ya dari mbali na jiko. Masika yakiingia anazihesabu upya. Siku moja ilinyesha tukiwa porini, fataki ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, ya tatu ikalia nguruwe wakiwa wameshavuka mto. Baba akasema unyevu hauingii kwenye baruti kwanza, unaingia kwenye fataki. Hamkulitaja la unyevu.

#6 MnyaluWaBaridi

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, nilipitiwa.

Wakuu, zikae kwenye pakiti yake ya kiwandani, mahali pakavu, joto lisilopandapanda. Zile trei zimetengenezwa kwa akili: kila praima ina kichumba chake, moja ikilipuka haimfikii jirani. Ukizimwaga kwenye chupa ya kioo ili meza ionekane nadhifu, umetengeneza bomu la vigae. Nasema hivi kwa sababu nimeikuta chupa hiyo kwenye gereji ya mtu mzima na mvi zake, iko dirishani, jua linaipiga. Na huku kiwango kinachofuatwa na wazima moto kwa nyumba ya kuishi ni praima 10,000, usigeuze chumba cha watoto ghala.

Halafu mikono. Dawa iliyomo ndani ya praima nyingi ina madini ya risasi, lile neno letu limebeba mambo mawili kwa mpigo. Usile mezani pa kurilodi, nawa kabla hujamshika mtoto, na lile vumbi la mashine ya kusafishia maganda usilimwage ndani ya nyumba.

#7 DadaWaFairbanks

Mimi nitakupinga kidogo kaka, kwenye hilo la magnamu.

Niko Alaska, mume wangu ni mwenyeji wa huku, tunakula nyama ya msituni mwaka mzima. Ninajaza .300 Win Mag. Kipimajoto kikisoma 30 chini ya sifuri, baruti inakuwa nzito kuwaka, kama samli iliyoganda. Nilijaribu praima ya kawaida kwa ukaidi, kipimo ambacho Agosti kilikuwa safi. Januari, kati ya risasi tano, moja ilitoa mlio mrefu, yaani nilisikia "tk", kisha "paa". Nusu ya nusu ya sekunde, lakini mkono uliusikia. Sijarudia. Sasa ni Federal 215 au CCI 250, basi. Kwa hiyo usiwaambie watu wasijiongeze, baridi nayo ni kitabu.

#8 MnyaluWaBaridi

Dada nimekuelewa, na kwa .300 Win Mag wala hatubishani. Lile ganda lina tumbo kubwa, baruti ni nyingi na ya kuwaka taratibu, magnamu ni haki yake, na vitabu vingi vinaianzia hapohapo.

Ninachokataa ni mtu wa .308 au .243, baruti ya vijiti, ganda limejaa mpaka shingoni, anaweka magnamu "ili iwake vizuri zaidi." Kibiriti kinatosha kuwasha kuni kavu, petroli ya nini? Mimi nilijaribu. Risasi kumi za kawaida, kumi za magnamu, kronografu, kile kipima-mwendo wa risasi, mbele yangu. Za magnamu hazikuwa na kasi ya maana, ila zilitawanyika: moja juu, moja chini, na shimo kwenye karatasi likatanuka kutoka ukubwa wa kifuniko cha soda hadi kifuniko cha chupa ya chai. Huyo ni .308 wangu, wako anaweza kuwa na tabia nyingine. Lakini hata wewe wa baridi, ukienda magnamu ulianza chini ukapanda, sivyo?

#9 DadaWaFairbanks

Nilianza chini. Mama yangu hakuzaa mjinga 😄

#10 Fundi_Mbeya

Mkuu MnyaluWaBaridi, mimi niko nyumbani Mbeya, namiliki raifo ya .30-06 kihalali kabisa. Risasi ni ghali na hazipatikani kirahisi. Ukija Desemba huwezi kunitupia trei mbili tatu za praima kwenye begi? Baruti nitajua mwenyewe.

#11 MnyaluWaBaridi

Mkuu, hapana, na nakujibu hadharani ili na wengine wasiniulize faragha.

Praima haipandi ndege ya abiria. Si begi la mkononi, si begi la chini. Risasi iliyokamilika ina utaratibu wake wa kusafirishwa, praima na baruti havina. Huku hata kampuni za mizigo zinazisafirisha kama mzigo wa hatari, kwa ada yake maalumu juu ya bei. Pili, kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, leseni yako ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, ukinung'unika bei nung'unika, lakini ulale kwako.

#12 KipangaWaHouston

Kenya pia ni hivyo. Usijaribu.

#13 SalumWaMaine

Naomba msaada wakuu. Nimenunua maganda ya zamani ya 7.62x54R kwa ajili ya raifo yangu ya Mosin, bei ya kutupa. Kila nikijaribu kutoa praima kuukuu, pini ya dai (kifaa cha kwenye presi kinachosukuma praima nje) inapinda. Ya pili hii imevunjika. Presi mbovu au mimi?

#14 MnyaluWaBaridi

@SalumWaMaine chukua ganda moja, elekeza mdomo kwenye taa, chungulia ndani mpaka chini. Unaona tundu moja katikati au mawili pembeni?

#15 SalumWaMaine

Mawili. Madogo.

#16 MnyaluWaBaridi

Basi presi yako haina kosa. Hiyo ni Berdan. Pini ya dai lako inashuka katikati ikitafuta tundu ambalo halipo, inagonga shaba.

Kuna mifumo miwili. Boxer ina tundu moja la moto katikati, na fuawe, yaani kile kidude ambacho dawa inabanwa dhidi yake, kimo ndani ya praima yenyewe. Berdan fuawe ni sehemu ya ganda, na moto unapita matundu mawili pembeni. Boxer unaisukuma kutoka ndani inadondoka. Berdan inataka zana ya kuikwangua kwa nje au maji ya kuisukuma, na praima zake mpya kuzipata huku ni kazi.

Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, wote wawili miaka ya 1860, lakini Marekani ikamchukua Mwingereza na Ulaya ikamkumbatia Mmarekani. Kila nabii kwa wageni.

Maganda hayo peleka kwenye chuma chakavu, nunua mapya ya Boxer. Na kama yalikuja na risasi zake za zamani ukazipiga, praima za enzi zile zinaacha chumvi mtutuni. Chumvi haitoki kwa mafuta, inataka maji. Maji ya moto kwanza, kausha, ndipo mafuta, siku hiyohiyo.

#17 SalumWaMaine

Nimezipiga 40 Jumapili na sijaosha. Nakuja.

#18 mtoto_wa_kinondoni

😂😂 kimbia kaka

#19 NyotaYaCalgary

Swali la risasi ya 6.5 Creedmoor. Mwenzangu anasema praima kubwa, kitabu changu kinasema kubwa, lakini maganda niliyonunua ya kampuni ya Lapua, praima kubwa haiingii. Nimeuziwa bandia?

#20 MnyaluWaBaridi

Si bandia. Lapua walitoa ya 6.5 Creedmoor kwa praima ndogo makusudi, ili kitako kiwe kinene na kidumu. Hornady, wenye risasi yao tangu 2007, wanatumia kubwa. Kwa hiyo kwenye Creedmoor tazama ganda, usitazame jina. Na tundu la moto la hizo Lapua ni jembamba, milimita 1.5 hivi, pini ya kawaida ya dai inakwama. Tafuta nyembamba yake kabla hujapata ya kwako kama ya Salum.

Uko Calgary, kwa hiyo la dada wa Fairbanks likuhusu. Praima ndogo kuwasha ganda la ukubwa huo kwenye baridi kali, watu wengi wanalalamika inasuasua. Hapo praima ndogo ya magnamu si kujiongeza. Jaribu siku ya baridi kweli, si Julai.

#21 Fundi_Mbeya

Nimekubali jibu lako mkuu, bila kinyongo. Ila nifundishe hili, maana hata kwa risasi za dukani ninaliona: praima baada ya kupigwa wakati mwingine inakuwa bapa kama imepigwa pasi. Ndiyo presha imezidi?

#22 MnyaluWaBaridi

Inaweza. Inaweza pia isiwe. Kikombe laini hubapa kwa presha ya kawaida, kikombe kigumu hubaki na mabega yake mviringo huku presha imeshapita. Tundu la pini likiwa pana kwenye bolti utaona ukingo umeinuka kuzunguka alama, kama kreta, na presha iko sawa tu. Kwa hiyo mimi siisomi praima peke yake. Nasoma na bolti: ikiwa nzito kuinua, simama. Nasoma na mwendo: kronografu ikionyesha kasi inayozidi ya kitabu, hukupewa zawadi, umezidisha presha. Na kishimo: praima mpya ikiingia kilegevu kwenye ganda ulilolipiga mara mbili tu, kitako kimeshatanuka, simama.

Praima iliyotoboka haina mjadala. Hapo unafunga begi unarudi nyumbani.

#23 KipangaWaHouston

Na kina cha kuikalisha ni kiasi gani, kwa namba? Wengi huwa wanasema "ikae vizuri" halafu wanakuacha.

#24 MnyaluWaBaridi

Chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005. Miguu ya fuawe iguse sakafu ya kishimo. Situmii presi tena kuzikalisha, natumia kile kifaa cha mkononi, kwa sababu kidole gumba kinasikia pale inapogusa chini, mkono wa presi hausikii kitu. Vishimo nasafisha kila mara, maganda ya jeshi nayaondolea kile kibano cha ukingoni kwanza. Na kila moja ikitoka inapita ukucha. Trei ya 50 inachukua dakika moja. Ikigota, unaikandamiza tena kabla ganda halijatiwa baruti. Lililokwisha jazwa usiligandamize, livunje kwa utaratibu uanze upya, miwani usoni.

Miwani hata kwa zile tupu.

#25 Babu_Ndaki

Marahaba wanangu, nilichelewa kuitikia. Mmesema mengi. Lakini hukutuambia, yule kulungu alirudi?

#26 MnyaluWaBaridi

Hakurudi mzee. Jirani yangu alimpata Jumapili yake, shamba la pili kutoka kwangu, sikio la kushoto lina mpasuko uleule niliouona. Alinitumia picha. Kisha akaniletea paja moja, na risasi ya kiwandani aliyobakiza mfukoni, akaniwekea juu ya nyama.